Mabingwa wa Ufa: Rekodi za Mijusi wa Majabali ya Jangwani

Twiga anasifiwa kwa urefu, duma kwa mbio, tembo kwa uzito. Hao ni mabingwa wanaoonekana kwa mbali, na hata mtoto wa chekechea anawataja bila kusita. Mijusi wa majabali ya jangwani hawamo kwenye orodha hiyo, nami naona wameonewa. Rekodi zao zimejificha pale pale wanapoishi, ndani ya nyufa za mawe, na nyingi si za kukimbia wala kupigana. Ni rekodi za kukaa: kukaa bila kunywa, kukaa juu ya jiwe linalounguza, kukaa mwambani wakati adui anavuta kwa nguvu zake zote.

Naanza na yule ambaye kwangu ndiye bingwa wa mabingwa. Anaitwa chakwala, na kwa wanasayansi ni Sauromalus ater, jina lililotolewa na Mfaransa Duméril mwaka 1856. Makazi yake ni majangwa ya Mojave na Sonora: kusini-mashariki mwa California, kusini mwa Nevada, pembe ya Utah, magharibi mwa Arizona, kisha anavuka mpaka na kuingia Mexico. Ni wa ukoo wa iguana. Mwili wake ni mpana na bapa, mkia ni mnene, na kutoka pua hadi ncha ya mkia anafikia sentimita 40 hivi. Ngozi ya shingo na mbavu imelegea, ina mikunjo mikunjo, na anayemwona mara ya kwanza anaweza kudhani mnyama huyu amekonda kwa njaa. Mikunjo hiyo ina kazi yake.

Bingwa wa kujibana

Chakwala akiona kivuli cha mwewe au akisikia hatua za mtu, hukimbilia ufa ulio karibu. Hapo hajawazidi wenzake, maana karibu mijusi wote wa mawe hufanya hivyo. Anawazidi kwa kinachofuata. Akishaingia anaanza kujaza hewa mapafuni, funda baada ya funda, mpaka ile mikunjo ya ngozi inakunjuka, mwili unatuna na kubana kuta zote mbili za ufa. Magamba yake madogo yenye kukwaruza yanashika jiwe. Ukimvuta mkia, huenda ukakatika ukabaki nao mkononi, mwenyewe akabaki ndani. Mkia utaota tena.

Namna anavyojijaza hewa ilielezwa vizuri katika utafiti wa Deban, O'Reilly na Theimer uliochapishwa mwaka 1994. Hewa hii haivutwi kwa kutanua mbavu, bali inasukumwa na koo. Sakafu ya mdomo inashuka na hewa inaingia, kisha inapanda na kuipeleka hewa hiyo mapafuni, tena na tena, kama mtu anayejaza upepo tairi la baiskeli. Fikiri mahali alipo, utaona uzuri wa mbinu hii. Mnyama aliyebanwa na mawe kifuani hana nafasi ya kutanua mbavu zake, lakini koo lake liko huru, na koo ndilo linalofanya kazi yote.

Wenyeji wa majangwa hayo, waliokuwa wakimla chakwala tangu zamani, walijua kwamba mikono mitupu haimtoi. Walichonga fimbo ikawa na ncha kali, wakaiingiza ufani na kumtoboa, hewa ikatoka, ndipo akavutika. Kwangu mimi huo ni ushahidi mkubwa kuliko kipimo chochote cha maabara: watu wenye njaa, wenye mikono yenye nguvu na wanaolijua jangwa lao, walilazimika kubuni kifaa kwa ajili ya mjusi mmoja.

Afrika Mashariki tuna mnyama aliyechagua maisha kama hayo, ingawa si mjusi. Ni kobe bapa wa miambani, Malacochersus tornieri, anayepatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia. Gamba lake ni jembamba na linanyumbuka kidogo, kwa hiyo anapenya mahali ambapo kobe mwingine angekwama mlangoni. Yeye hujikaza zaidi kwa kusukuma miguu kuliko kwa hewa. Tutarudi kwake, kwa sababu yeye na chakwala wana adui mmoja.

Bingwa wa kutokunywa

Kenneth Nagy, aliyechapisha tafiti zake juu ya chakwala wa Mojave mwaka 1972 na 1973, alionyesha kwamba mjusi huyu anaweza kuishi bila kunywa. Maji anayoyahitaji anayapata kwenye chakula: majani mabichi, vichipukizi, matunda, na maua, ambayo anayapenda sana, hasa ya manjano. Msimu wa kuchipua mimea ukiwa mzuri, ananenepa. Mimea ikianza kukauka, anafanya uamuzi ambao wanyama wengi hawauwezi. Anaacha kula.

Inaonekana ni wazimu, lakini hesabu yake ni sahihi. Jani lililokauka lina maji machache na chumvi nyingi, na kuiondoa chumvi hiyo mwilini kunagharimu maji. Kula jani kama hilo ni kujikausha mwenyewe. Basi chakwala anaingia kwenye ufa wake, anapunguza matumizi ya mwili kadiri awezavyo, na kungoja. Anaweza kungoja wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi. Majira ya baridi nayo yana zamu yake ya kujificha, kuanzia kama Oktoba hadi jua la Februari au Machi lianze kuyapasha mawe joto. Mwaka ukiwa mbaya, sehemu kubwa ya maisha yake inapita gizani kati ya vipande viwili vya mwamba.

Na chumvi? Mimea ya jangwani ina potasiamu nyingi, na figo za mjusi haziwezi kutoa mkojo wenye chumvi kali kuliko damu yake. Chakwala ana njia nyingine. Kwenye pua zake kuna tezi zinazokamua chumvi kutoka kwenye damu na kuitoa ikiwa nzito, kwa maji kidogo sana. Anapiga chafya, chumvi inaruka nje. Ndiyo maana chakwala wengi wana ukoko mweupe kwenye matundu ya pua. Jamaa yake, iguana wa baharini wa visiwa vya Galápagos, anafanya vivyo hivyo, ila yeye anatoa chumvi ya bahari aliyoimeza pamoja na mwani.

Kula majani peke yake ni rekodi ambayo watu hawaipi uzito unaostahili. Chini ya asilimia 5 ya aina za mijusi duniani wanategemea mimea. Wengi wa waliobaki hula wadudu, mayai au mijusi wenzao. Majani ni chakula kigumu, yanahitaji vijidudu vya tumboni kuyachachusha na joto la kutosha ili kazi hiyo iende. Mnyama asiyejitengenezea joto mwilini lazima alikope mahali, na jabali linalopigwa na jua asubuhi humkopesha bila riba.

Kwa maisha ya mwendo huo, uzazi nao hauna haraka. Jike hutaga mayai kama 5 hadi 16 kwa mkupuo mmoja, na mvua zikikosekana anaweza kuruka mwaka mzima bila kutaga. Kwa upande mwingine anaishi muda mrefu, zaidi ya miaka 20 akijaliwa. Anaongeza miaka badala ya kuongeza mayai.

Joto: hapa chakwala anashindwa

Death Valley, bonde la California lenye rekodi ya dunia ya joto la hewa inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nyuzijoto 56.7 zilizopimwa tarehe 10 Julai 1913, ni sehemu ya nchi ya chakwala. Mtu angedhani basi ndiye anayestahimili joto kuliko wote. Sivyo. Akiwa kazini anapenda mwili wake uwe na nyuzijoto 38 hivi, karibu sawa na mtu mwenye homa ndogo, na joto likizidi anarudi kivulini mwa mawe.

Anayemshinda ni jirani yake, iguana wa jangwani, Dipsosaurus dorsalis, anayeishi zaidi kwenye mchanga na vichaka. Huyo mwili wake hufika nyuzijoto 46 na bado anatembea, saa ambazo mijusi wengine wote wa eneo hilo wamekwisha kujificha. Ni rekodi halali na ninampa haki yake. Lakini angalieni tofauti ya mbinu: mmoja amejifunza kulivumilia jua, mwingine amejifunza kulitumia kwa kiasi na kuondoka. Anayeishi kwenye mchanganyiko wa mawe makubwa ana vivuli vingi vya kuchagua, hana sababu ya kujichoma.

Wakubwa kupita wote

Chakwala wa bara ni mkubwa kwa mijusi wa Marekani, ambako ni mjusi mmoja tu wa asili, yule mwenye sumu aitwaye Gila, anayempita. Lakini ukivuka maji ya Ghuba ya California, kwenye kisiwa cha San Esteban kilicho upande wa Mexico, unakutana na ndugu yake anayemfanya aonekane mtoto. Huyu ni Sauromalus varius, aliyeelezwa na Mary Cynthia Dickerson mwaka 1919. Wakubwa wao wanazidi sentimita 60, na uzito wao unaweza kufika kilo 1.4. Rangi ni ya manjano yenye madoa makubwa ya kahawia na nyeusi. Kisiwa cha pili, Ángel de la Guarda, kina jitu jingine, Sauromalus hispidus, jeusi na lenye miiba shingoni.

Kwa nini majitu yawe visiwani? Ted Case, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alitaja sababu mbili zinazokwenda pamoja. Visiwani maadui ni wachache, kwa hiyo mwili mkubwa usioweza kuingia kwenye kila ufa si hatari sana. Tena ukame wa huko unaweza kudumu miaka, na mwili mkubwa una akiba kubwa zaidi ya kungojea mvua.

Historia ya majitu haya ina watu ndani yake. Wacomcaac, wanaojulikana pia kama Waseri, wamesafiri kati ya visiwa vya ghuba hiyo tangu enzi za mababu zao, na chakwala alikuwa chakula chao. Walimbeba hai kutoka kisiwa hadi kisiwa, na kwenye kisiwa kidogo cha Alcatraz karibu na Bahía Kino wapo chakwala ambao ni machotara wa majitu ya visiwani na ndugu zao wa bara. Wasafiri hao walipanda akiba ya nyama mahali watakapopita kesho. Leo chakwala wa San Esteban yuko hatarini kutoweka, na jumba la Arizona-Sonora Desert Museum mjini Tucson limekuwa likiwazalisha tangu mwaka 1977.

Tukihesabu dunia nzima, taji la ukubwa kwa mijusi wa majabali makavu linakwenda Australia. Kule yupo perenti, Varanus giganteus, ambaye Waswahili tungemtambua mara moja kuwa ni kenge, anayefikia mita 2.5 na kulala kwenye nyufa na mapango ya katikati ya bara hilo. Ni wa nne kwa ukubwa kati ya mijusi wote duniani.

Mwenye jamaa wengi

Kusini mwa Afrika, kwenye ukanda mkavu wa magharibi ya Afrika Kusini, yupo mjusi mwenye magamba ya miiba toka kichwani hadi mkiani, Ouroborus cataphractus. Akinaswa mahali pa wazi, anauuma mkia wake mwenyewe na kujikunja kuwa pete ya miiba, tumbo lake laini likabaki ndani. Picha hiyo imezunguka dunia. Kwangu, hata hivyo, rekodi yake kubwa ni ya ujirani. Mijusi wengi hawavumiliani; hawa hukaa pamoja ndani ya ufa mmoja, kwa kawaida wachache, lakini wamewahi kuonekana wakiwa zaidi ya 30. Wanategemea mchwa, na jike huzaa mtoto hai, mmoja tu kwa kawaida, badala ya kutaga mayai. Kwa mnyama anayezaa mmoja, kuibiwa kundi moja la ufa mmoja ni hasara inayochukua miaka mingi kuzibika.

Chakwala hana ukarimu huo. Kristin Berry, katika kazi yake ya mwaka 1974, alieleza jinsi dume mkubwa anavyotawala eneo lenye mawe mazuri, majike na chakula, huku madume wadogo wakiishi humo kwa kunyenyekea. Lakini palipo na nyufa nyingi, hata wasiopendana hujaa. Kwenye mlima wa South Mountain, ulio ndani ya jiji la Phoenix, wanapatikana makumi ya chakwala kwa hekta moja, idadi kubwa sana kwa mjusi wa ukubwa huo jangwani. Madume wa huko ni weusi wenye mkia wa rangi ya chungwa iliyokolea.

Warembo, warukaji na wapiga ishara

Kwa rangi, ushindani ni mkali. Dume wa mjusi wa mawe wa Sinai, Pseudotrapelus sinaitus, hugeuka buluu ya anga wakati wa kutafuta jike. Kwetu, kwenye vilima vya mawe vya Serengeti, dume wa Agama mwanzae ana kichwa na mabega ya waridi na mwili wa buluu, na watalii wengi wamempiga picha wakiwa wanamngoja simba. Jangwa si kwake, lakini jabali analijua.

Taji nampa mjusi bapa wa Augrabies, Platysaurus broadleyi, anayeishi kando ya maporomoko ya Mto Orange huko Afrika Kusini. Tumbo la dume lina rangi ya chungwa, nyeusi na buluu, na koo lake linaakisi mwanga wa urujuanimno ambao macho yetu hayauoni. Madume husomana nguvu kwa mwanga huo kabla ya kupigana. Wapo madume vijana wanaobaki na sura ya jike ili wapite karibu na dume mkubwa bila kupigwa, na utafiti wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba hila hiyo inadanganya macho ila haidanganyi ulimi unaonusa. Hawa ndio mabingwa wa kuruka pia: wingu la usubi likipanda kutoka mtoni, wanaruka na kuudaka hewani.

Wasomaji walioko Oman na Falme za Kiarabu wana bingwa wao kwenye milima ya Hajar, Pristurus celerrimus. Mjusi huyu ni wa jamaa ya wale wanaotembea ukutani usiku, ila amehamia mchana, na huzungumza na wenzake kwa kuinua na kukunja mkia juu ya jiwe. Mtazameni asubuhi, wadi, yaani bonde la mto mkavu, ikiwa imetulia.

Ufa hauoti tena

Mkia wa chakwala unaota upya. Ufa hauoti. Bamba la jiwe linalokaa juu ya mwamba mkubwa kwa nafasi ya vidole vichache limetengenezwa na jua, baridi na maji kwa muda ambao hauhesabiki kwa maisha ya mtu, na likishang'olewa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa, hata likilazwa pale pale. Joto la ndani linabadilika, unyevu unatoka, nyoka anapata njia.

Wanaowakamata mijusi kwa biashara ya kuwafuga hutumia mtaimbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kutoka eneo la Phoenix ulionyesha kwamba mahali ambapo mawe yamevunjwa na wakamataji, mijusi wa mawe wanakuwa wachache. Mnyama ambaye rekodi zake zote ni za kukaa hana mbinu ya kumzuia mtu anayeondoa mahali pa kukaa. Chakwala anaweza kujibana mpaka koyote, mbwa mwitu wa huko, akate tamaa, lakini ukuta ukiondolewa anabana hewa tupu.

Mtu huyo wa mtaimbo ndiye adui wa kobe wetu bapa pia. Nchini Tanzania wakamataji waliwahi kutumia hata jeki za magari kutenganisha miamba wapate kuwatoa na kuwauza ng'ambo. Mwaka 2019 biashara ya kimataifa ya kobe hao waliotoka porini ilipigwa marufuku kwa kuwekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na sasa wametajwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Ukipanda jabali, liwe la Mwanza, la Kitui au la Hajar, tazama nyufa kwa macho na uache mawe yalale. Usiinue bamba ili upate picha. Na mtu akikuletea kobe bapa au mjusi wa mawe kwenye kapu akitaka umnunue, usimnunue hata kwa huruma, maana fedha yako itanunua mtaimbo wa safari inayofuata; toa taarifa kwa shirika la wanyamapori, KWS, ukiwa Kenya, au kwa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, ukiwa Tanzania.